Tisa Juu ya Kumi

Ilikuwa Jumanne, saa sita na robo mchana, na lori la polisi lilipangwa kuondoka kwenda Mwanza saa kumi kamili. Ndani ya lori hilo angepakiwa Stanslaus Makelemo, karani wa stoo ya mgodi wa Nyabulima, na pingu zake, kwenda kujibu shtaka la kumuua mtu. Aliyemkamata ni Sajenti Athanas Lugodisha. Mpaka asubuhi ya siku hiyo Sajenti hakuwa na shaka hata chembe kwamba amekamata anayestahili. Kisha Generosa, muuguzi wa zahanati ya mgodi, akamtumia ujumbe kwamba afike, tena afike peke yake.

Kufika zahanati hakukuwa safari. Tangu Jumamosi jioni uzio wa seng'enge ulikuwa umefungwa, geti limetiwa mnyororo, na mgodi mzima umegeuka zizi. Siku hiyo ndiyo Cornel, mpima dhahabu, alipokutwa kifudifudi chini ya meza ya mizani, kisogo kimepasuliwa kwa mchi wa chuma wa kupondea mawe ya sampuli. Wachimbaji walikaa vibarazani wakilitazama geti na kutema mate. Hata Sajenti, ambaye bati la nyumba yake lilionekana ng'ambo ya seng'enge, alikuwa hajalala kwake siku tatu.

"Karibu, Baba Limi," Generosa alisema. "Funga mlango."

"Kuna nini, Mama Paskalina? Nina kazi."

"Kazi yako ndiyo hii."

Akatoa kitabu kutoka chini ya bandeji, akakiweka mezani.

Sajenti alikitambua kabla hakijatua. Mbele kilikuwa na picha ya daraja lenye ukungu na mtu aliyevaa koti refu. Kilikuwa kitabu cha Klabu ya Wasomaji wa Kota. Klabu hiyo ilikuwa na watu kumi na wanne, makarani, walimu na wauguzi, wote wakiwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja: riwaya za Kiingereza za upelelezi na ujasusi, zilizoletwa kwa posta kutoka Nairobi. Kila kitabu kipya kilianzia kwa Generosa, naye aliishona sura ya mwisho kwa uzi wa kushonea vidonda, kurasa zote pamoja, asiweze mtu kuchungulia. Msomaji akifika penye uzi alikirudisha kwake, akamsimulia hadithi tangu mwanzo, kisha akaandika kwenye karatasi iliyogundishwa nyuma jina la anayemshuku na alama juu ya kumi. Hapo ndipo uzi ulipokatwa. Akamalizia papo hapo, watu wakamcheka au wakampa mkono, na Generosa akashona upya kwa ajili ya anayefuata.

Watu waligombana kwa sababu ya alama zile kuliko walivyogombana kwa sababu ya mpira. Mwalimu Gregory hakuwahi kuvuka sita, utadhani anazitoa mfukoni mwake. Generosa mwenyewe alizipa riwaya za majasusi nne, zote, kwa madai kwamba jasusi mwenye akili angekaa kwao akalima. Sajenti Athanas alikuwa mkarimu. Yeye ni nane, au tisa.

"Zamu ya kwanza ya kitabu hiki ilikuwa yako," Generosa alisema. "Jumamosi ulikirudisha saa ngapi?"

"Saa saba na nusu."

"Nikashona. Saa nane kamili akaja Stanslaus, akakichukua. Saa kumi na mbili akakirudisha hapa, akanisimulia mpaka penye uzi, nikamkatia. Cornel aliuawa saa ngapi?"

"Kati ya saa tisa na saa kumi na moja."

"Na kutoka kota mpaka chumba cha mizani ni mwendo gani?"

"Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Mama Paskalina, haya nimeshayapima. Mtu anaweza kuchukua kitabu asikisome."

"Ndiyo maana nimekisoma mimi. Jumapili na jana. Kila alichonisimulia kimo, mpaka jina la mbwa. Na Stanslaus humaliza kurasa hamsini kwa saa, klabu nzima inajua, tumeshawahi kumshindanisha. Mpaka penye uzi ni kurasa mia mbili. Piga hesabu mwenyewe. Huyo angemuua Cornel saa ngapi?"

Sajenti alipiga hesabu, akaanza kusikia joto shingoni. Alilisikia kwa sababu mbili, na ya pili alikuwa bado hajaitaja hata moyoni.

"Kwa nini hukwenda kwa Inspekta?"

"Nilikwenda jana. Akaniambia mimi ni shemeji wa mtuhumiwa, maana mdogo wangu Apolonia ndiye mchumba wake. Kisha akaniambia na jambo jingine." Generosa alikifungua kitabu katikati. "Soma namba za kurasa."

"Tisini na saba," Sajenti alisema. Akafunua, akafunua. "Mia na kumi. Mia na kumi na mbili."

"Endelea."

Akafunua. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa tisini na saba.

"Kurasa kumi na sita zimerudi mara ya pili," Generosa alisema taratibu, "na kumi na sita zilizopaswa kufuata hazimo kabisa. Walikosea huko kiwandani walipokuwa wanakifunga. Mtu anafukuzwa darajani, unafunua uone kama amekamatwa, unajikuta umerudishwa kwenye chai ya asubuhi kwa shangazi yake. Asiyeliona hilo ni kipofu. Sasa tazama nyuma."

Kwenye karatasi ya alama palikuwa na mistari miwili. Wa Stanslaus ulisema: mtunza bustani, tatu juu ya kumi, na chini yake, kwa herufi za hasira, malalamiko ya kurasa zilizorudiwa na zilizokosekana, kwa namba zake. Juu yake ulikuwa mstari wa Sajenti Athanas: mke wa daktari, tisa juu ya kumi, kitabu kizuri sana.

"Inspekta aliniambia hivi," Generosa akaendelea. "'Sajenti wangu alikisoma kabla yake, akakipa tisa. Kingekuwa na kasoro, Sajenti asingesema? Hiyo habari ya kurasa ni ujanja wa karani, na wewe unaleta sindano yako kumsaidia.' Kitabu chenyewe hakukigusa. Alama yako, Baba Limi, ndiyo iliyomfunga Stanslaus."

Nje mtu alipita akiburuta koleo.

"Hukukisoma," Generosa alisema. Hakuuliza.

Aibu ilimpanda Athanas Lugodisha mpaka masikioni, aibu ya mtu mzima, ile isiyo na pa kwenda. Aliponieleza hadithi hii, akajisemea Generosa kimoyomoyo akimtazama, alinieleza daraja, ukungu na koti. Alinisimulia jalada, nami nikakata uzi. Akamwonea huruma, lakini huruma haikumfanya atazame pembeni.

"Mimi siwezi kukusemea," alisema. "Saa kumi lori linaondoka."

*

Kiswahili Sajenti alikisoma vizuri, alifundishwa misheni. Kiingereza alikipata Burma vitani, kwa masikio na kwa mdomo, miaka mitatu pamoja na maofisa wa Kiingereza, na alikizungumza hivi kwamba wazungu wa mgodi walikuwa wakigeuka kumtazama. Kukisoma ndiko kulikomshinda. Herufi zilisema hivi, mdomo ukasema vile. Lakini nani angemuuliza mtu anayeongea namna ile kama anajua kusoma? Walimpa kazi ya ukalimani, wakampa utepe wa tatu, na sasa mwaka huu wa 1953 barua ya kumpandisha kuwa sub-inspekta ilikuwa mezani Mwanza. Klabu aliingia ili asiulizwe kwa nini hakuingia.

Mahabusu alikuwa amewekwa kwenye stoo ya zamani ya baruti, chumba cha zege kisicho na dirisha. Askari alifungua, Sajenti akaingia na kiti chake, mlango ukafungwa nyuma yao. Taa ya kandili ilikuwa sakafuni.

"Shikamoo, Sajenti."

"Marahaba. Nina maswali, nijibu kwa ufupi. Jumamosi saa kumi alasiri ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema mara kumi. Chumbani, nasoma."

"Mlango?"

"Nimeufunga. Vumbi la kinu lilikuwa linaingia, na nilikuwa na kikohozi."

Sajenti aliinua kichwa. "Kikohozi."

"Mpaka leo ninacho. Sikiliza." Na kweli akakohoa. "Lakini kuna faida gani, Sajenti? Inspekta amenisomea jana maelezo ya Donatus wa mizani. Kwamba alipita kwangu saa kumi, akakuta mlango wazi na chumbani hamna mtu. Na wewe umesaini chini yake."

"Amekusomea hivyo? Mlango wazi?"

"Kwa maneno hayo hayo. Mlango wazi, chumba kitupu."

Sajenti Athanas alitoa daftari lake mfukoni, lile alilokuwa akiandika kwa Kiswahili kila anachoambiwa, akasogeza kandili kwa mguu. Jumamosi, saa mbili usiku, Donatus Bigambo, karani wa mizani. Alisoma mstari, akaurudia. *Nilipita kota ya Stanslaus saa kumi. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilimsikia akikohoa ndani.*

Jumamosi Donatus alikuwa bado hajapata pa kuuelekezea mzigo wake, akasema alichokiona. Jumapili asubuhi Sajenti alipomkamata Stanslaus, kwa sababu ya ugomvi wake na Cornel wa wiki iliyotangulia, Donatus akaja na tabasamu la mtu mwema. Alisema, kwa kuwa yeye ni karani, ataandika maelezo yake mwenyewe kwa Kiingereza, ili kumpunguzia Sajenti kazi. Akaandika ukurasa mzima. Akausukuma mezani. Sajenti akaukazia macho muda unaostahili, akatikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na jambo, akasaini.

"Stanslaus," alisema, "pale klabuni mimi huwa nakaa karibu na nani?"

"Na Donatus. Siku zote."

"Yeye amewahi kusema lolote juu ya usomaji wangu?"

"Tusigombane tena, Sajenti."

"Sema."

"Alisema huwa unafunua kurasa kwa kufuatisha zake. Akifunua, unafunua. Siku moja akafunua mbili kwa makusudi, nawe ukafunua mbili. Alinichekesha, nikacheka. Unisamehe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Chumba cha mizani kilikuwa na funguo mbili, mmoja wa Cornel na mmoja wa Donatus, na ufunguo huo wa Donatus Sajenti hakuushughulikia kwa sababu alikuwa na shahidi mwenye maandishi. Mwuaji alikuwa amemwekea mkono wake begani akamwonyesha pa kusaini. Hasira ilimpanda, na nusu yake ilimwangukia yeye mwenyewe.

Alisimama, akagonga mlango. Kwa muda askari hakuja. Sajenti akagonga tena, akasimama pale akiwa amefungiwa pamoja na mtu aliyemfunga mwenyewe, mpaka akasikia komeo.

"Sajenti," Stanslaus aliita nyuma yake. "Mtunza bustani siye, eh? Maana Mama Paskalina alipokata uzi nilimaliza, na kwa kweli sikuelewa ilikuwaje mwuaji akawa wakili."

"Sijui," Sajenti alijibu. "Sikukisoma."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno hayo, na aliyasema kwa mtu asiye na pa kuyapeleka.

*

Inspekta Hodges alikuwa amejipa ofisi ya mhasibu, akahamishia humo majalada ya kituo. Alikuwa mzungu mwembamba, mwenye haki kwa namna yake, anayeipenda kazi iliyokwisha. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika kumi. Waliongea Kiingereza kama walivyozoea.

"Bwana, naomba Stanslaus asipelekwe leo."

"Sababu?"

Sajenti alimfungulia daftari, akamtafsiria mstari wa Jumamosi. Inspekta alisikiliza akicheza na kalamu.

"Mlango umefungwa, kikohozi," alisema. "Na kesho yake mlango wazi, chumba kitupu. Shahidi yule yule, wewe yule yule. Basi Jumapili ulipomsoma akisema kinyume, kwa nini hukumuuliza?"

"Nilisaini kwa haraka, Bwana."

"Kwenye kesi ya kunyonga?"

"Ndiyo, Bwana."

Ulikuwa uongo mdogo, na kwa dakika moja Sajenti alidhani utapita. Angekaripiwa, Stanslaus angeshushwa, Donatus angekamatwa, na barua ingebaki pale mezani Mwanza. Alijiona kabisa akitoka mlango ule na tepe zake.

"Na kile kitabu cha muuguzi?" Inspekta aliuliza. "Anadai kina kurasa zilizorudiwa. Uliziona?"

"Niliziona. Nikapuuza."

"Ukakipa tisa." Inspekta hakucheka. "Sikiliza, Sajenti. Nikimshusha yule mtu, ninamshusha kwa neno lako. Daftari ni lako, saini ni yako, kitabu ulikisoma wewe. Wakili wa Donatus atakusimamisha mbele ya jaji, akupe karatasi hii, akwambie uisome kwa sauti, mstari baada ya mstari, ueleze ni mstari upi ulioupita kwa haraka. Nataka nijue utasikikaje." Akamsogezea maelezo ya Donatus. "Nisomee."

Athanas aliichukua karatasi. Mwandiko wa Donatus ulikuwa mzuri, umelala upande mmoja. Alijua karatasi inasema nini. Stanslaus alikuwa amemwambia. Mlango wazi, chumba kitupu. Angeweza kuyasema maneno hayo kwa Kiingereza safi kuliko cha Donatus mwenyewe. Lakini yalikuwa kwenye mstari gani? Yalitanguliwa na nini? Alitafuta neno la mlango, akaona maneno matatu yanayofanana nalo. Akatazama dirisha, na dirisha lilikuwa na nondo, maana ni ofisi ya mhasibu.

Akikaa kimya, mtu atanyongwa. Hakukuwa na njia ya tatu, na aliitafuta kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta kitu chochote katika kazi yake.

Akaiweka karatasi mezani.

"Siwezi kuisoma, Bwana."

"Una maana gani?"

"Kiingereza naongea. Sisomi. Kitabu kile sikukisoma, hata kimoja cha klabu sijakisoma. Maelezo haya sikuyasoma nikayasaini, na Donatus alijua kwamba sitayasoma. Ndiyo maana aliandika alichotaka. Ana ufunguo wa pili wa chumba cha mizani, na nyumba yake haijapekuliwa. Stanslaus alikuwa chumbani anasoma, kama alivyosema tangu mwanzo."

Kwa muda Inspekta alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ukuta aliouegemea ni pazia. Kisha akafanya kazi yake, na aliifanya haraka. Alimwita koplo, akaamuru Donatus Bigambo aletwe chini ya ulinzi, nyumba yake ipekuliwe mpaka chini ya sakafu, na mahabusu wa stoo ya baruti atolewe akaoge na kula. Aliandika mistari miwili kwenye jalada, akaweka tarehe. Koplo alipiga saluti kwa Inspekta, kisha, kwa mazoea, kwa Sajenti, akatoka mbio.

Sajenti alibaki amesimama. Stanslaus amepona, alijiambia hivyo, na kwa kitambo kifua kikamlegea. Alinyoosha mkono achukue kofia yake mezani.

"Bado," Inspekta alisema.

Alikwenda kwenye kabati la chuma, akavuta droo ya chini, akarudi na majalada yamemjaa mikononi. Aliyaweka mezani moja moja. Kwenye kila jalada palikuwa na karatasi ya Kiingereza iliyopigwa taipu, na chini ya kila karatasi, badala ya saini, alama nyeusi ya dole gumba.

"Hawa hawakujua kusoma," Inspekta alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Karani aliandika maungamo yao kwa Kiingereza, na sheria inataka mtu asomewe kwa lugha yake kabla hajaweka dole. Nani aliyekuwa anawasomea?"

"Mimi, Bwana."

"Ulikuwa unawasomea nini?"

Athanas aliyatazama madole. Mengine yalikuwa yamekolea, mengine yametetereka, ya watu waliokuwa wakitetemeka. Alikuwa ameishika mikono ile yeye mwenyewe, mmoja mmoja, akaikandamiza kwenye wino.

"Nilikuwa naishika karatasi," alisema, "halafu nawaambia nilichodhani kimeandikwa."

"Wangapi?"

"Miaka sita, Bwana. Sijui idadi. Wengine bado wako gerezani."

Inspekta alikaa, akavuta karatasi nyeupe, akachovya kalamu. "Wataje."

"Wa kwanza ni Bujiku Shija wa Masumbwe," Sajenti Athanas alisema. "Wizi wa ng'ombe watatu, kifungo miaka minne. Alilia mbele ya hakimu kwamba maneno yale hakuyasema. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze, yameandikwa."